Nani Kaanza Kuondoka: Wewe au Kisu?

Mwezi huu naomba tuongee kuhusu visu vya mfukoni. Najua jarida hili umelinunua kwa ajili ya mapenzi, mavazi na mambo ya ndani, lakini nivumilie kidogo. Huku kwenye visu nako kuna mapenzi, wivu, viapo na kuachana kama kawaida.

Kuna watu duniani wanapenda visu vya kukunja kama sisi wengine tunavyopenda viatu au saa. Mtu ana visu thelathini, kavipanga kabatini, kila Jumapili anavifuta na kuvipaka mafuta, na asubuhi anachagua kipi kiende na suruali ipi. Na kama ilivyo kwa Simba na Yanga, kila mmoja ana upande wake. Kuna wa Buck, ambao kwao hakijatengenezwa kisu baada ya ile 110 iliyotoka mwaka 1964. Kuna wa Spyderco, ambao watakukumbusha kila mara kwamba ni kampuni yao iliyotoa mwaka 1981 kisu chenye kibanio cha kukining'iniza mfukoni na tundu la duara la kukifungulia kwa kidole gumba. Ukiwaweka meza moja, chakula kitapoa.

Lakini viapo vyenyewe vinavunjika kila siku. Jamaa aliyeapa kuwa atazikwa na chapa yake, mwaka haujaisha unamkuta na kisu kingine kabisa, anakisifia kama bwana harusi. Wenzake wanamwita msaliti. Mimi nimefuatilia habari zao kwa muda, na swali langu ni dogo tu: ni nani hasa aliyeanza kuondoka?

Ndoa ya Waswisi

Tuanze na kile kisu chekundu chenye msalaba mweupe, ambacho hata asiyejua visu anakijua. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884 huko Ibach, katika jimbo la Schwyz, Uswisi. Mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya askari, na mwaka 1897 akatoa kile cha maofisa, chenye kizibuo cha chupa za mvinyo. Mama yake, aliyeitwa Victoria, alipofariki mwaka 1909, Elsener akalifanya jina hilo kuwa alama ya biashara. Mwaka 1921 likaongezwa neno inox, la chuma kisichoshika kutu, ndipo tukapata Victorinox. Yaani kila mwenye kisu hicho anatembea na jina la mama wa watu mfukoni. Mapenzi hayo!

Ila Elsener hakuwa peke yake. Upande wa Jura, wanakoongea Kifaransa, kulikuwa na kampuni ya Wenger, pale Delémont. Tangu mwaka 1908 serikali ikaigawa tenda ya jeshi kwa kampuni hizo mbili, isionekane inapendelea upande mmoja wa nchi. Mmoja akajiita kisu cha "asili", mwingine akajiita kisu "halisi", na wapenzi nao wakagawanyika hapohapo. Timu Wenger walisema mkasi wao una vimeno vidogo, haukitelezi kitu, na mpini wao wa kisasa unafuata mikunjo ya kiganja. Timu Victorinox wakajibu kwamba mkubwa ni mkubwa tu.

Mwaka 2005 Victorinox ikainunua Wenger. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba visu havitauzwa tena kwa jina la Wenger. Baadhi ya maumbo yake yaliendelea kutengenezwa kwa jina la Victorinox, na jina la Wenger likabaki kwenye saa na mabegi.

Sasa vaa viatu vya yule shabiki wa Wenger. Miaka yote amemcheka jirani, leo anaambiwa kipenzi chake kahamia kwa jirani na kabadili hata jina. Wengine walikubali, wakasema mpini ni uleule, maisha yaendelee. Wengine wakageukia kusaka Wenger za zamani. Wengine wakakasirika, wakahamia chapa nyingine kabisa. Huyu wa mwisho utamwita msaliti? Mbona yeye hakwenda popote? Alirudi dukani kama kawaida, akakuta kibao kimebadilishwa.

Jina limebaki, mwenyewe hayupo

Marekani mambo ni makali zaidi. Kampuni ya Schrade ilianza mwaka 1904 katika jimbo la New York. Ndiyo iliyokuwa ikitoa visu vya Old Timer, vile vya mpini wa kahawia ambavyo babu alimpa baba na baba akampa mtoto. Mwaka 2004 kiwanda chake cha Ellenville kikafungwa, wafanyakazi wakaenda nyumbani, jina likauzwa. Mnunuzi akaendelea kutoa visu vyenye jina lilelile, vikitengenezwa China. Miaka mitatu baadaye, 2007, Camillus nayo ikafunga kiwanda chake hukohuko New York, na jina lake likanunuliwa na kampuni ya Acme United.

Basi fikiria baba anayetaka kumnunulia mwanawe kisu kama alichopewa yeye. Jina ni lile, rangi ya mpini ni ile. Lakini mikono iliyokuwa ikikitengeneza haipo tena, na bapa lenyewe linaandikwa nchi nyingine. Ndiyo maana wapenzi wa Schrade wakaanza kukisoma kisu kama cheti cha kuzaliwa: wanatazama chini ya bapa, karibu na mpini, kuona kimegongwa wapi. Kile cha kabla ya 2004 wanakithamini, cha baada ya hapo wengi wanakipita. Ukimuuliza mmoja wao kama bado ni mwaminifu kwa Schrade, atakwambia ndiyo, kisha atakuonyesha kisu kipya cha kampuni nyingine. Usimcheke. Anachokipenda kinaishi kwenye droo, siyo dukani.

Na hapa, wapenzi wangu, ndipo visu vinapogusa nyumba zetu. Jina linaweza kubaki mlangoni wakati mwenyewe kaondoka zamani. Pete ipo kidoleni, picha ya harusi ipo ukutani, kwenye kadi za mwaliko bado mnaandikwa Bwana na Bibi. Lakini maongezi yaliisha mwaka juzi, simu zinapokelewa nje, na anayejua umeumwa ni dada wa kazi. Halafu siku mmoja akifungasha, ukoo mzima unamnyooshea kidole: "Kaondoka!" Hakuna anayeuliza yule mwingine aliondoka lini akiwa amekaa palepale kwenye kochi.

Mchina wa mfukoni

Kwetu mtu akisema "hiki cha Mchina", maana yake usikitegemee. Huko kwenye visu nako walisema hivyohivyo, tena kwa kiapo. Lakini kuna mji unaitwa Yangjiang, katika jimbo la Guangdong, ambao kazi yake kubwa ni visu na mikasi. Viwanda vya China vilitengeneza visu kwa miaka mingi kwa majina ya watu wengine, yakiwemo majina maarufu ya Marekani. Kisha, hasa katika miaka ya 2010, watengenezaji kama Kizer na WE wakaanza kujulikana kwa majina yao wenyewe. Visu vyao vinafunguka laini kama mlango wa friji mpya, na bei yake mara nyingi inamwacha mshindani hoi.

Wale walioapa kuwa kamwe hawatashika cha Mchina, wengi leo wanavyo, tena vitatu vitatu. Ukiwabana wanasema wamebadilika. Mimi nasema wameona. Baadhi yao walikuwa tayari wanashika kazi ya mikono hiyohiyo, ila chini ya jina jingine. Hili nalo ni la kujifunza: kuna watu tunawakataa kwa kabila, kwa mtaa waliozaliwa au kwa gari wasilokuwa nalo, na kumbe kazi yote tunayomsifia mwingine wanaifanya wao.

Ipo na sababu ya tatu ya kuhama, ambayo kisu hakihusiki kabisa. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba Benchmade, kampuni ya Oregon, ilikuwa imewasaidia polisi wa mji wake kukatakata bunduki zilizotakiwa kuharibiwa. Wateja wengi wa Benchmade ni wapenzi wa bunduki pia. Wakaja juu, wengine wakaapa kutonunua tena. Chuma hakikubadilika hata kidogo. Walichogundua ni kwamba hawakuwa wakifikiri sawa na waliyempenda. Uwe upande wao au usiwe, jambo hilo unalijua: unaweza kuishi na mtu vizuri miaka mitano, siku ya uchaguzi au ya kugawa mirathi ndipo unapomwona.

Je, anayehama kisu atahama na mke?

Dada mmoja, shoga yangu wa siku nyingi, aliwahi kuniuliza kwa uchungu kabisa: "Huyu mume wangu kabadilisha chapa ya visu mara nne tangu tuoane. Mtu asiyetulia na kisu, atatulia na mimi?" Nikamjibu kwa kisa cha Tim Leatherman.

Mwaka 1975 Mmarekani huyu alikuwa akizunguka Ulaya na mkewe, Chau, kwenye gari chakavu aina ya Fiat. Mfukoni alikuwa na kisu cha skauti. Kila gari lilipogoma au bomba la hoteli lilipovuja, kisu kilikata, kikafungua, lakini hakikuweza kubana. Alichohitaji ni plaisi. Waliporudi nyumbani akamwambia mkewe atatengeneza kifaa chenye vyote viwili, kazi ya mwezi mmoja tu. Mwezi ukawa miaka. Kampuni zikamkatalia, na ni mwaka 1983 tu ndipo kampuni yake mwenyewe ilipoanza. Leo jina lake liko kwenye mifuko ya mafundi dunia nzima.

Unaona? Jamaa alikiacha kisu cha skauti kwa sababu hakikumtosha, na alikuwa na haki. Hakumwacha Chau, na Chau hakumwacha yeye, ingawa ule "mwezi mmoja" ungemchosha mtu yeyote. Kisu ni chombo, kikipungukiwa unatafuta kingine. Mtu akipungukiwa, mnakaa mnatengeneza. Anayechanganya hayo mawili ndiye wa kumwogopa, siyo mwenye visu thelathini. Shoga yangu, kama mumeo anakusikiliza unapoongea na ada ya watoto inalipwa kwanza, mwache na visu vyake. Kama ada imegeuka kisu cha titani, hilo ni la kuongea leo usiku, na tatizo lake siyo chapa.

Pima wakati wa shida

Nirudi Uswisi kidogo, maana huko kuna funzo ninalolipenda kuliko yote. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege, na maduka ya viwanja vya ndege yakaacha kuviuza. Kwa Victorinox lile lilikuwa pigo, kwani wasafiri walikuwa wateja wake wakubwa. Mauzo yakaporomoka. Kampuni ingeweza kupunguza watu, na hakuna ambaye angeshangaa. Badala yake ilipunguza saa za kazi, ikawaazima wafanyakazi wake kwa kampuni nyingine za jirani, na haikumfukuza mtu kwa sababu ya pigo lile. Nikisikia mtu anasema hataki kisu kingine zaidi ya kile chekundu, mimi sibishani naye. Ana sababu.

Kwa hiyo kabla hujahama, au hujamlaumu aliyehama, jiulize mambo matatu. Kwanza, ninachokipenda bado kipo, au nimebaki na jina lake? Pili, nimepungukiwa kitu cha kweli, au nimeona kipya kinang'aa tu? Tatu, mambo yalipokuwa magumu, yeye alifanyaje? Ukiyajibu bila kujidanganya, utajua kama unaondoka, au ndiyo kwanza unakubali kwamba mwenzio aliondoka kitambo.

Na kwa wale ambao tayari wameanza kufikiria zawadi ya kumbukumbu ya ndoa: huko Ulaya na Marekani wapo wanaoamini kwamba kumpa mpenzi kisu ni kukata uhusiano. Dawa yake ni rahisi. Anayepokea anakupa sarafu moja, hata ya shilingi mia, inahesabika kakinunua, basi yameisha. Ila akisafiri kwa ndege akiweke kwenye begi la mzigo, kisije kikabaki kwa maofisa wa ukaguzi.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane.