USIULIZE KWA NINI SKINI NI GHALI, ULIZA UNAUZIWA NINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himdi zote njema anastahiki Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu, hasa wewe kijana unayesoma hapa nyuma ya kaunta ya duka la simu pale Aggrey au Likoma, na wewe mzazi ambaye simu yako hivi sasa iko mikononi mwa mtoto, leo tuzungumze habari ya skini za gemu.

Kwa asiyejua: gemu kama Free Fire na PUBG Mobile unazipakua bure. Mwenye gemu anapata pesa kwa kukuuzia mavazi ya yule mtu wako wa kwenye kioo. Shati, viatu, begi, rangi ya bunduki, mtindo wa kucheza ukishinda. Zipo skini zinazoongeza nguvu ya silaha, hizo leo ziache. Nazungumzia zile za sura tu, ambazo ukizivaa hukimbii zaidi wala hulengi vizuri zaidi. Unapendeza, basi.

Lalamiko ninalolisikia kila siku ni moja: "Sheikh, hawa watu bei zao kubwa mno, wangeshusha kidogo." Vijana wanasema hivyo, na wazazi nao wameanza kusema hivyo. Nakuambia bila kuzunguka, lalamiko hilo limebisha hodi nyumba siyo.

*BEI KUBWA PEKE YAKE SI KESI*

Dini yetu haikuja kumpangia kila muuzaji bei. Sahaba Anas (r.a.) amepokea kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwendea Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye akakataa. Aliwaeleza kuwa Mwenye kupanga bei ni Allah, na kwamba anataka akutane na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhulma ya damu wala ya mali.

Na wewe mtu wa Kariakoo unalijua hili kwa vitendo. Ukienda Mtaa wa Kongo, muuzaji anakutajia elfu arobaini, unacheka, unamwambia elfu kumi na tano, mnakutana katikati. Umeishika nguo, umeuvuta mshono, umeigeuza ndani nje. Ukiona ghali unavuka barabara. Hapo hakuna aliyedhulumiwa hata kama jirani yako aliinunua kwa bei ya chini.

Basi mtu mzima, mwenye akili zake na pesa yake, akiona shati la kwenye gemu limeandikwa bei yake wazi na akalinunua, siwezi kusimama juu ya mimbari nikasema ni haramu kwa sababu tu ni ghali. Nitamuuliza habari ya israfu. Nitamkumbusha kuwa ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia wapi. Lakini hayo ni maswali juu ya matumizi yake, biashara yenyewe bado ni biashara.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya biashara hii haifanani kabisa na ile ya Mtaa wa Kongo.

*MAMA NA PESA YA KIKOBA*

Baada ya darsa moja alinifuata mama. Mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike. Anauza vitumbua na chai upande wa Gerezani, na wenzake wamemfanya mweka hazina wa kikoba. Pesa ya watu ipo kwenye simu yake. Mwanawe wa miaka kumi na miwili anaijua namba ya siri, kwa sababu ndiye anayemsaidia kutuma pesa. Mtoto akawa ananunua vitu vya gemu kidogo kidogo. Elfu moja leo, elfu mbili kesho. Siku ya kugawana, zaidi ya laki moja na arobaini haipo.

Mama yule aliniuliza: "Sheikh, hivi bei zao si kubwa mno?"

Nikamwambia: Mama yangu, elfu moja si bei kubwa. Ingekuwa laki moja na arobaini kwa mkupuo, ungeiona siku hiyo hiyo. Aliyekuumiza ni udogo wa ile bei.

Sasa nifuate katika mambo matatu.

*LA KWANZA: BEI IMEFICHWA*

Fikiria duka Kariakoo ambalo mlangoni wanakuambia: shilingi haipokelewi humu, nunua kwanza shanga zetu. Shanga zinauzwa kwa mafungu ya mia tu. Unaingia ndani, shati ni shanga 130. Unarudi mlangoni kununua fungu la pili. Unatoka na shati na shanga 70 mkononi zisizorudishwa wala kununua kitu kingine chochote duniani. Duka la namna hiyo lingekaa siku ngapi kabla watu hawajampigia kelele mwenye nalo?

Hivyo ndivyo gemu nyingi zinavyofanya. Free Fire wana almasi, PUBG Mobile wana UC. Shilingi inageuzwa kitu kingine, halafu kitu kile ndicho kinachotumika. Mtoto akiona "almasi 9" haoni pesa ya mama, anaona alama ya buluu inayong'aa. Wenzetu Marekani wameliona hili. Mwezi Januari 2025, kampuni ya gemu ya Genshin Impact ilikubali kulipa dola milioni 20 katika kesi ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, na miongoni mwa tuhuma ni kuwa mpangilio wa sarafu juu ya sarafu uliwaficha wachezaji, wakiwemo watoto, gharama halisi. Mauzo sahihi kwetu yanataka bei ijulikane. Bei iliyovalishwa kinyago haijajulikana.

*LA PILI: MNUNUZI NI MTOTO*

Suratun Nisaa, aya ya 5 na ya 6, inatufundisha tusiwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na kwamba hata yatima mwenye mali yake hakabidhiwi mpaka afike umri na aonekane ana uongofu wa kuitumia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, mauziano ya asiyebaleghe hayasihi. Muuza duka mwenye haya, akiona mtoto wa miaka kumi na miwili ameshika laki, anamuuliza: "Baba yako yuko wapi?" Kwenye gemu hakuna anayeuliza. Panapotakiwa namba ya siri, mtoto anayo, kwa sababu wewe ulimpa.

Na usidhani wenye gemu hawajui. Mwezi Desemba 2022, Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishia wateja, baada ya kutuhumiwa kuwa mpangilio wa vitufe vyao uliwaingiza watu kwenye manunuzi wasiyoyakusudia, na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Milioni 245, ndugu yangu. Inakusanywa kwa elfu moja moja kama zile za mama wa vitumbua.

*LA TATU: GURUDUMU NI PATA POTEA*

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote.

Skini zinazotamaniwa sana mara nyingi huzikuti dukani zikiwa na bei. Ziko kwenye gurudumu au kwenye sanduku lililofungwa. Unalipa, unazungusha, unapata unachopata.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo ya kijiwe na mauzo ya gharari, yaani yenye utata wa kutojulikana. Mauzo ya kijiwe ni nini? Wanazuoni wameyafafanua kwa sura kadhaa, na mojawapo ni hii: muuzaji anatandaza nguo, anasema tupa kijiwe, nguo kitakayoiangukia ni yako kwa bei kadhaa. Nguo, ndugu yangu! Miaka zaidi ya 1400 iliyopita watu walikuwa wanauziana nguo kwa kubahatisha, na mlango ule ukafungwa. Leo kijiwe kimekuwa gurudumu lenye muziki na taa, na nguo hata hazishikiki.

Kijana atanijibu: "Sheikh, yapo magurudumu ambayo mwishowe lazima upate zawadi kubwa." Ninalijua. Kwenye Free Fire lipo moja maarufu ambalo mzunguko wa kwanza ni almasi 9, unaofuata 19, halafu 39, inapanda hivyo hivyo hadi wa nane ambao ni almasi 499. Jumlisha mwenyewe: 1,082. Kwa kawaida almasi 100 ni karibu dola 1, kwa hiyo hapo ni kama dola 10 na ushee, takriban shilingi 25,000 na zaidi. Sasa niambie: bei ya lile vazi ni ngapi? Ni almasi 9 au ni 1,082? Hujui, na hutojua mpaka umelipa. Hiyo ndiyo gharari yenyewe. Na tazama ujanja wake: umeshatoa mizunguko saba, umebakiza mmoja, nani ataacha hapo? Wa mwisho ndio ghali kuliko yote.

Ubelgiji, nchi isiyo ya Kiislamu, mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kamari ilitamka kuwa masanduku ya bahati katika baadhi ya gemu, ikiwemo FIFA 18, yanavunja sheria ya kamari. Mwaka uliofuata wenye FIFA wakaacha kuuza pointi zao nchini humo. Sisi tulio na Suratul Maida, inayoweka kamari pamoja na pombe katika matendo ya shetani, tunabishana habari ya bei!

Mzazi, ukimkuta mwanao amesimama kwenye meza ya pata potea, karata tatu zinazungushwa na wajanja wamemzunguka, utamtoa pale kwa sikio. Ukimkuta kwenye mashine za kamari, zile vijana wanaziita dubwi, utalia. Lakini meza ile ile ipo sebuleni kwako, inatumia bando lako, na unamsifu kwamba "ametulia, hasumbui".

*"MASHEIKH MNAHARAMISHA KILA KITU"*

Sijaharamisha kila kitu. Rudi juu usome. Kucheza gemu kwenyewe sijakuzungumzia hapa. Skini yenye bei ya wazi, kwa mtu mzima, kwa pesa yake, nimeitofautisha. Ila hata huyo nimkumbushe mambo mawili.

Moja: unachonunua hukimiliki. Soma masharti yao, utakuta umepewa ruhusa ya kutumia tu. Akaunti ikifungwa imekwenda. Huwezi kuirithisha wala kuitoa sadaka. Na kuongeza nakala moja ya shati lile hakumgharimu mwenye gemu chochote, lakini anakuandikia "zimebaki saa 24 tu" kana kwamba kuna stoo inakwisha.

Mbili: ukweli wa moyo wako. Unainunua kwa sababu inakupendeza, au kwa sababu wenzako wanamcheka asiye na skini na kumwita nubu? Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya vazi la kutafutia umaarufu. Mwenye kanzu moja iliyofuliwa anayeona haya kwa sababu mtu wake wa kwenye kioo hana koti la moto, huyo ameingiwa na maradhi.

*OGOPA SIKU WATAKAPOSHUSHA BEI*

Ndiyo maana nasema, lalamiko la bei ni la hatari. Tuseme wamekusikia. Gurudumu limekuwa nusu bei. Utashangilia. Lakini yule mtoto wa muuza vitumbua, ambaye elfu mbili ilikuwa inamfanya asite, sasa atazungusha mara mbili. Kamari ya bei nafuu inaingia nyumba nyingi zaidi. Ukidai wapunguze bei, umeshakubali kuwa meza ya pata potea ibaki, ila kiingilio kiwe kidogo.

Dai lililo sawa ni hili: kila kitu kiuzwe kwa bei ya shilingi iliyo wazi, gurudumu liondoke, na mtoto asiuziwe bila mzazi wake. Sheria ya nchi yetu inamzuia aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo. Mashine ya mtaani inaulizwa leseni. Gurudumu la kwenye simu nalo liulizwe.

*FANYA HAYA LEO*

Mzazi, badilisha namba ya siri leo, kabla ya Isha. Ondoa malipo yaliyohifadhiwa kwenye simu. Kisha kaa na mtoto, msimfokee, mfungue hesabu ya manunuzi mbadilishe almasi kuwa shilingi, na shilingi kuwa vitumbua. Mwache aone mama yake alikaanga vitumbua vingapi kwa ajili ya koti lile.

Mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi, lakini mali ya watu haipotei hivi hivi. Pesa ya kikoba ni amana na italipwa, hata kwa mafungu. Wanakikoba nao wawe na subira.

Na wewe kijana wa dukani uliyechota kwenye simu ya biashara ya tajiri yako ukasema nitarudisha mwisho wa mwezi: toba yako haikamiliki kwa istighfari peke yake. Haki ya mja inarudishwa kwa mja. Mwendee leo, umwambie. Fedheha ya duniani mbele ya mtu mmoja ni nyepesi kuliko ya siku ile mbele ya viumbe wote.

Ewe Allah, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Walinde watoto wetu, zihifadhi amana zilizo mikononi mwetu, na utupe macho ya kuiona batili hata ikija na taa na muziki. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Mtumie mzazi mwenzako ujumbe huu, huenda mtoto wake anazungusha sasa hivi.