Moshi na Hadhi ya Jiji

Nia ya Moshi ya kupandishwa hadhi kuwa Jiji si jambo la kubezwa. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta humo watu 221,733, wakibanana katika eneo la kilomita za mraba 59 hivi. Lakini mji hauna pa kupanukia ila vijiji vya jirani, na huko miteremkoni kuna vihamba vya migomba na kahawa, urithi wa wazee. Kijiji kikigeuzwa mtaa, halmashauri yake, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi usimamizi wa ardhi, hutoweka.

Tusisahau kwamba mwaka 1972 Serikali ilizivunja serikali za mitaa, huduma za miji zikazorota, na mwaka 1978 ikalazimika kuzirejesha halmashauri za mijini. Funzo hilo, kwa Bara na Visiwani pia, ni kwamba mji hauendeshwi vyema wananchi wasiposikilizwa.

Kwa hiyo tunawashauri wahusika: kabla ya kuchora mipaka mipya, Mikutano Mikuu ya vijiji iulizwe, na haki za wenye vihamba ziandikwe. Jiji ni maji, barabara na usafi. Jina pekee halimnyweshi mtu.