Kidole gumba hakijarefuka
Na Rehema Msangi

Nokia 1100, kitochi kilichoingia sokoni mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, kilikuwa na upana wa milimita 46 na uzito wa gramu 86. Vitufe vyake vilikaa nusu ya chini, pale pale kidole gumba kinapotua chenyewe mtu akishika simu. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilifika milimita 61 na gramu 135. Simu janja ya inchi 6.7 ya leo ina upana wa milimita 76 hivi, na nyingi zimevuka gramu 200. Mkono unaoishika ni ule ule. Hata hivyo, kila tunapozungumzia afya na simu, lawama humwangukia mwenye mkono: nyoosha shingo, keti vizuri, pumzika. Naona tumemkamata asiye na kosa. Wa kuulizwa ni wanaopanga vitu juu ya kioo, hasa benki, kampuni za simu na ofisi za serikali ambazo siku hizi hutuhudumia kupitia kioo hicho.

Hofu ya shingo ilipata nguvu mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa Marekani, Kenneth Hansraj, alipochapisha hesabu kwamba kichwa kilichoinama nyuzi 60 huielemea shingo kwa nguvu inayolingana na kilo 27 hivi. Takwimu hiyo imezunguka dunia. Kinachosahaulika ni kwamba ilitokana na mfano wa kompyuta, si na wagonjwa waliopimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil waliwachunguza vijana 150 wa miaka 18 hadi 21 na hawakuona uhusiano kati ya namna wanavyoinamia simu na maumivu ya shingo. Utafiti mmoja haufungi mjadala, wala sisemi shingo haziumi. Nasema ushauri tunaoutoa kwa uhakika mkubwa umesimama juu ya ushahidi mwembamba, na umetupumbaza tusitazame kiganja, ambako jambo liko wazi zaidi.

Mwaka 2013 mbunifu Steven Hoober aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu barabarani, vituoni na ndani ya mabasi. Kati ya waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 walitumia mkono mmoja tu. Asilimia 36 waliishika kwa mkono mmoja na kuigusa kwa mwingine, na asilimia 15 walitumia vidole gumba vyote viwili. Sasa angalia kidole gumba chenyewe. Huzunguka kwenye kiungo kilicho karibu na kifundo cha mkono na kuchora upinde juu ya sehemu ya chini na ya katikati ya kioo. Kikitakiwa kufika pembe ya juu ya upande wa pili, kiganja hulazimika kulegeza mshiko, simu ikabaki imeegemea kidole cha mwisho, na kano za kidole gumba zikavutwa hadi mwisho. Wenye viganja vidogo, na wengi wao ni wanawake, hufika mwisho huo mapema zaidi. Na ni mara ngapi hapa kwetu mkono wa pili huwa huru? Umeshika chuma cha daladala, umebeba mtoto, umeshika mfuko wa sokoni.

Kwa mwenye simu ya kutazamia picha, usumbufu huo ni mdogo. Kwetu simu ni pochi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na kwa kitochi mtu alipiga *150*00# bila mkono kubadilisha mshiko. Programu zilizokuja baadaye zina sura nzuri zaidi, lakini nyingi huweka mshale wa kurudi juu kabisa, pembe ya kushoto, mbali na kidole gumba cha mkono wa kulia. Mtu aliyekosea namba ya anayemtumia fedha anahitaji kurudi nyuma upesi, na ndipo anapolazimika kulegeza simu mkononi. Kioo kikianguka kikapasuka, ni yeye anayelipa fundi.

Wapo watakaosema soko limeshaamua. Ni kweli kwamba Apple ilitoa simu ndogo za inchi 5.4 mwaka 2020 na 2021, kisha ikaziacha. Nakubali pia kwamba kwa kaya nyingi simu ndiyo kompyuta, televisheni na kitabu cha shule kwa pamoja, na macho yaliyochoka yanahitaji maandishi makubwa. Sitaki simu zirudishwe kuwa ndogo. Ukubwa wa kioo ni jambo moja, mahali pa kitufe ni jingine, na la pili halihitaji kiwanda kipya. Mwaka 2018 Samsung ilipanga upya programu zake ili vya kusoma vikae juu na vya kubofya vishuke chini. Mwaka 2021 Apple iliishusha sehemu ya kuandika anwani katika kivinjari chake cha Safari hadi chini ya kioo, na ikamwachia asiyeipenda uhuru wa kuirudisha juu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama: kitufe cha kutuma fedha kikiwa karibu na kidole, si kitabofywa kwa bahati mbaya? Kinaweza, ndiyo maana ulinzi usitegemee umbali. Jina la mpokeaji na kiasi vionekane kwa herufi kubwa katikati ya kioo, namba ya siri iombwe baada ya hapo, na kitufe cha kughairi kiwe rahisi kufikiwa sawa na cha kutuma. Wanaotumia mkono wa kushoto wapewe mpangilio uliogeuzwa. Kabla ya programu ya malipo kutolewa kwa umma, ijaribiwe na abiria waliosimama ndani ya daladala linalokwenda, mkono mmoja juu, wakiwemo wanawake na wazee. Watakaoshindwa kutuma au kughairi bila kubadilisha mshiko wahesabiwe kuwa kasoro ya programu, na irudishwe mezani kwa walioitengeneza.