Pikipiki Haiwaki? Jua Ugonjwa Kwanza, Kariakoo Baadaye

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, naongelea pikipiki, hasa ile ya zamani ya kabureta na kiki ambayo wengi tunaitegemea kubebea mchicha na matembele. Mboga ya majani haisubiri. Umevuna jioni, injini ikagoma alfajiri, ukifika sokoni jua limeshatoka na bei imeshashuka.

Msimamo wangu ni huu: wengi wetu tunaponzwa na haraka. Pikipiki ikigoma tu, mtu anapanda daladala hadi Kariakoo, anarudi na plagi, koili na kabureta mpya. Anafunga vyote, bado haiwaki. Hiyo ni sawasawa na kupuliza dawa kabla hujamjua mdudu. Shambani tunakatazana, kwenye pikipiki tunafanya.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: moto, mafuta yaliyochanganyika na hewa, na mgandamizo. Kagua kimoja kimoja.

Anza na vya bure. Swichi ya kuzimia kwenye usukani iko wapi? Koki ya mafuta imefunguliwa? Petroli ipo kweli? Legeza mfuniko wa tanki; kitundu chake cha hewa kikiziba, mafuta hayashuki.

Kisha fungua plagi. Ikiwa kavu baada ya kiki nyingi, mafuta hayafiki. Pikipiki iliyolala masika nzima, Machi hadi Mei, petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha utandu unaoziba jeti. Hapo safisha jeti, usinunue kabureta. Plagi ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Ikaushe, halafu tafuta moto. Ikiwa nyeusi kwa masizi, angalia chujio la hewa na choki.

Kupima moto: chomeka plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, mbali na petroli na mbali na tundu la plagi, kisha piga kiki. Cheche ya bluu yenye nguvu ni dalili njema. Hakuna cheche? Jaribu plagi nyingine nzima kwanza, ndipo ufuate waya, koili na CDI.

Moto upo, mafuta yapo, bado haiwaki? Kama kiki imekuwa nyepesi kuliko kawaida, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, piga tena. Ikiwa nzito, ringi zimechoka. Isipobadilika, shuku valvu. Hiyo sasa ni kazi ya fundi.

Utaniambia, "Si fundi yupo, nijisumbue nini?" Simkatai fundi. Ila ukimwambia "moto upo, mafuta hayafiki", fundi mzuri anaanzia pale pale, na fundi mjanja anakosa pa kukupigia.

Ukilazimika kwenda Kariakoo au Gerezani, beba spea mbovu mkononi uilinganishe, taja aina ya pikipiki yako, soma namba ya plagi, dai risiti. Feki zipo, na bei ya chini mno ikutie shaka. Halafu nauli na spea ziandike kwenye daftari la gharama za shamba, maana pikipiki hiyo ni jembe lako la pili.

Kazi njema.