Springi Ngumu Si Springi Imara

Wasomaji wangu, leo hatuzungumzii Linux wala hifadhidata. Mnivumilie kidogo, jambo lenyewe lina hesabu ndani yake na hesabu ndiyo kazi yetu.

Kuna ugonjwa umeenea kwa wale wanaojiundia vigari vya porini hapa Kenya. Mtu anachukua fremu ya Suzuki ya zamani, tuseme SJ410, anang'oa bodi, anachomelea mabomba, anabaki na gari la kilo 750 hivi. Kazi safi kabisa! Akifika kwenye springi, anaenda kutafuta za Land Cruiser, tena za ile pikapu ya mizigo, "ndiyo zisivunjike". Ukimwuliza sababu atakwambia fundi kasema. Ukimwuliza fundi atakwambia kila mtu hufanya hivyo. Ni kama kunakili programu ya benki nzima ili uendeshe kibanda cha mboga, halafu ulalamike kwamba tarakilishi yako ni polepole.

Najua tabia hii ilikotoka. Tumekua tukiona pikapu za miraa zikishuka kutoka Maua zikiwa zimeongezwa mabamba ya springi, na kwa kazi ile ni sawa, kwa sababu zinabeba mzigo mkubwa kila siku. Pia kuna Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangisha pesa za ua wa Aberdare. Watu wanaona yale magari makubwa yakipanda mawe, wanarudi nyumbani kuiga kila kitu isipokuwa hesabu.

Haya, hesabu yenyewe. Kanuni ya springi ilichapishwa na Robert Hooke mwaka 1678 na haijabadilika: ukiongeza mzigo mara mbili, springi inabonyea mara mbili. Gari letu lina kilo 750. Toa ekseli, magurudumu na vyote visivyobebwa na springi, tuseme kilo 200. Zimebaki 550. Ikiwa nyuma inabeba 250, kila springi ya nyuma ina kilo 125 tu. Mtu mmoja mnene na mkoba wake!

Sasa weka springi inayohitaji Niutoni 35 kwa kila milimita. Gari likisimama, springi hiyo inabonyea sentimita 3.5 pekee. Hapo ndipo watu hawafikirii: hizo sentimita 3.5 ndizo gurudumu lako lililo nazo kushuka kabla springi haijaacha kabisa kulisukuma chini. Shimo la sentimita 5 tu na gurudumu halina kitu cha kuligandamiza, gari lenyewe linalazimika kuinama kulifuata. Kama difu yako haifungi, nguvu yote ya injini inakimbilia gurudumu lile lililo hewani, nawe unabaki ukirusha vumbi. Mwenyewe anasema injini haina nguvu, ananunua injini kubwa. Injini kubwa ni nzito. Mnaona tunakoelekea?

Na si kukwama tu. Chukua 5, igawe kwa kipeuo cha pili cha sentimita ambazo springi imebonyea, utapata gari linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Kwa sentimita 3.5 ni karibu mara 2.7. Kwa gari la porini mimi nataka kati ya 1.3 na 1.8. Gari jepesi lenye springi ngumu hurushwa na kila jiwe, na likiwa kwenye mteremko wa ubavu, kurushwa huko ndiko kunakoanzisha kupinduka. Ndani ya hivi vigari wanakaa watu, mara nyingi watoto wa mwenye gari. Kwa hiyo anayesema "ngumu ni salama" simchekei.

Wapo watakaonijibu, na wana hoja: gari jepesi linabadilika sana likipakiwa. Kweli kabisa. Wakiingia watu wanne wa kilo 300 kwa jumla na 180 ziende nyuma, kila springi ya nyuma inapata kilo 90 zaidi. Springi ya Niutoni 11 kwa milimita, ambayo tupu ingekuwa tamu sana, itazama sentimita 8 nyingine na kugonga mwisho. Ndiyo maana sisemi ulaini bila mpaka. Kwa gari hili mimi ningechukua Niutoni 15: tupu inabonyea sentimita 8, ikipakiwa inaongeza 6, na mpira mrefu wa kuzuia mgongano unamalizia kazi. Hakuna uchawi.

Jambo jingine linaloniudhi ni kukata springi za koili kwa msumeno ili gari "likae vizuri". Koili yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ukiikata 2 haiwi fupi tu, inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi. Na unene wa waya ndio hatari zaidi, kwa sababu ugumu unakwenda kwa unene kuzidishwa mara nne: kutoka milimita 12 hadi 13, mengine yakiwa sawa, ugumu unapanda karibu asilimia 38. Kwa macho huoni tofauti, na muuzaji naye haoni, ndiyo maana kununua springi kwa kuitazama na kuibinya kwa kidole ni kucheza bahati nasibu. Kwa mabamba, bamba la milimita 7 badala ya 6 lina ugumu zaidi kwa karibu asilimia 59.

Huna mashine ya kupimia? Huihitaji. Nunua mifuko minne ya simiti ya kilo 50 (utaitumia tu, Kenya hakuna asiyejenga). Pima urefu kutoka ekseli ya nyuma hadi fremu, pande zote mbili. Panga mifuko juu ya ekseli hiyo, katikati. Tikisa gari mara kadhaa, hasa kama ni mabamba, maana yanasuguana na kukudanganya. Pima tena. Kila springi imeongezewa kilo 100, yaani Niutoni 981, kwa hiyo gawa 981 kwa milimita zilizoshuka. Zikishuka 65 una springi ya 15. Zikishuka 28 una ile ya Land Cruiser, irudishe dukani kama bado una risiti.

Shokabzoba zichaguliwe baada ya hapo, kwa springi uliyoipata. Mwenye kunionyesha gari la kilo 750 linalotembea vizuri juu ya mawe na springi za pikapu ya mizigo, alete vipimo vyake, nafasi ya maoni iko hapo chini.