Mpunga Hauli Hotuba

Ndugu wanachama, na ninyi wapenzi wetu ambao hamjakata kadi bado,

Kuna maneno yanayosemwa maofisini, nasi tumechoka kuyasikia. Husemwa kwamba mkulima wa mpunga wa Bariadi ni mkaidi. Kwamba ameambiwa habari ya mbolea mara mia, naye ametia pamba masikioni, analima kama alivyolima babu yake. Maneno haya ni ya uongo, na tena ni matusi. Leo tunayajibu hadharani.

Sisi tunaozunguka matawini, toka Bariadi mpaka Itilima na Maswa, tumeuliza swali lile lile kila mahali: mbona majaruba hayapati mbolea? Hatukukuta ukaidi. Tulikuta hesabu. Mkulima anatuambia: mfuko ni wa kilo 50, nami nina ekari moja, duka liko mjini, na nauli ni yangu, mbolea inafika mpunga umekwisha kuchanua, na mvua ikikatika, fedha yangu imekwenda na jua. Je, huyu ni mjinga? Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akipiga hesabu kama hiyo huitwa mwerevu. Mkulima akiipiga huitwa mkaidi!

Tukumbuke tulikotoka. Serikali ya kikoloni ilipoleta mpango wake wa maendeleo ya Usukuma, kuanzia 1947, ilileta na amri: matuta yawe namna hii, ng'ombe wapunguzwe, na asiyetii alipe faini. Wazee wetu hawakukataa elimu ya kilimo. Walikataa fimbo iliyofungwa pamoja na elimu hiyo. Hata TANU ilipozuiwa kufanya kazi Usukuma, toka 1954 mpaka 1958, hasira ile haikuzuilika. Basi mtu anayekwenda kijijini leo kutishia watu kwa jina la mbolea anafukua kaburi ambalo wazee wetu walilifunika kwa jasho.

Tangu hapo tumepewa maneno mazuri mengi. Mwaka 1972 tulipewa "Siasa ni Kilimo" kule Iringa. Mwaka 2009 likaja "Kilimo Kwanza". Mwaka 2018, 2019 na 2020 sherehe za Nanenane za taifa zilifanyika hapa hapa kwetu Nyakabindi. Wageni walikuja, vipando vilipendeza, wageni wakaondoka. Hatuyadharau mambo hayo. Lakini mpunga hauli hotuba.

Mpunga unakula nini? Kila tani ya mpunga inayotoka jarubani huondoka na kiasi cha kilo 15 mpaka 20 za chakula kiitwacho naitrojeni. Punje tunazipeleka mashineni, majani tunawapa ng'ombe, na jarubani haturudishi kitu. Wazee husema maji yanayoteremka toka mlimani huleta rutuba. Ni kweli, yanaleta; lakini hayalipi deni lote.

Na namna ya kulipa deni inajulikana. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Ukiriguru walijaribu mbolea ya urea katika majaruba ya wakulima wenyewe wa Usukuma, yanayotegemea mvua kama yetu. Waliona kwamba kiasi kidogo tu, kilo 30 za naitrojeni kwa hekta, kinalipa. Tupige hesabu pamoja. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo ekari moja inataka kama kilo 26 za urea, yaani nusu mfuko! Kwa bei ya ruzuku iliyotangazwa Agosti 2022, shilingi 70,000 kwa mfuko, hiyo ni shilingi 35,000. Jambo si kubwa kama linavyotishwa. Kubwa ni safari ya huo nusu mfuko kufika kijijini kwa wakati.

Hapa ndipo tunapouliza. Pamba inapotakiwa, chama cha msingi cha ushirika huleta mbegu na dawa mpaka kijijini. Njia ipo, ghala lipo, daftari la majina lipo. Kwa nini njia hiyo hiyo isilete urea ya mpunga? Au kwa sababu pamba inangojewa na wanunuzi wakubwa, na mpunga ni chakula cha watoto wetu?

Wala hatutamwonea haya mkulima, maana rafiki wa kweli husema kweli. Wako wanaosema mbolea ya chumvichumvi huua ardhi. Ndugu, urea peke yake mwaka hadi mwaka haitoshi; ichanganywe na samadi. Lakini samadi hiyo inarundikana mazizini kwetu, na mkokoteni umesimama! Tena jaruba linalovuja halistahili urea: utailisha shamba la jirani. Ziba kingo kwanza, ngoja mpunga uanze kutoa machipukizi, maji yawe kidogo, ndipo utie. Na mwenye kuuza mpunga ungali kijani, au kukubali lumbesa, asishangae kuona mbolea yake inamnenepesha mlanguzi.

Basi tunataka mambo manne. Kwanza, mbolea ifike vijijini kabla ya kupandikiza, isije ikafika nyuma ya mvua. Pili, ipatikane katika mifuko midogo, ili mwenye nusu ekari asilazimishwe kununua ya ekari mbili. Tatu, vyama vya msingi viihudumie kama vinavyohudumia pamba. Nne, kila tawi la chama chetu lilime jaruba moja, nusu limetiwa urea na nusu halikutiwa, na siku ya mavuno watu waje wapime kwa debe, wajionee wenyewe.

Hilo la nne halingojei waziri wala mfadhili. Linatungojea sisi. Katibu wa tawi anayejua idadi ya kadi alizouza, lakini hajui majaruba mangapi ya wanachama wake yamepata mbolea, hajaanza kazi. Mkulima wetu hahitaji kuamriwa wala kuhurumiwa. Anahitaji nusu mfuko, kwa wakati wake, na ushahidi wa macho yake.

Uhuru na Kazi!