Nani Alitangulia Kileleni?



Katika Milima ya Rocky nchini Kanada umo mlima uitwao Assiniboine, wenye kimo cha meta 3,618. Kilele chake kiko juu ya mpaka wa majimbo mawili, British Columbia na Alberta. Mpaka huo wafuata mgongo unaogawa maji: ya magharibi huteremkia Bahari ya Pasifiki, ya mashariki huishia Ghuba ya Hudson.

Simulizi nyingi husema kwamba mtu wa kwanza kukifikia kilele hicho, tarehe 3 Septemba 1901, alikuwa James Outram, mchungaji wa Kianglikana kutoka Uingereza. Habari hiyo ni kweli, lakini haijakamilika. Bill Peyto ndiye aliyemfikisha mguuni pa mlima kwa farasi. Kutoka hapo alipanda pamoja na waongozaji wawili wa Kiswisi, Christian Bohren na Christian Häsler. Siku iliyotangulia ukungu uliwapoteza, wakajikuta juu ya Lunette, kilele jirani kilicho kifupi. Hawakukata tamaa. Kulipokucha walipanda tena, wakafika, kisha wakateremkia upande wa kaskazini.

Kazi ya mwongozaji zama hizo ilikuwa kutangulia, kuchonga vidato katika barafu kwa shoka, na kuishika kamba mwenzake akiteleza. Je, yafaa aliyechonga njia aitwe msindikizaji, na aliyeipita aitwe wa kwanza? Mimi naona haifai. Wala kosa si la Outram, kwani katika kitabu chake cha mwaka 1905 aliwataja wenzake kwa majina. Kosa ni letu sisi tunaosimulia baadaye, tukifupisha habari kwa kuwaacha wale waliolipwa ujira.

Yupo atakayesema kwamba walipokea malipo yao, basi yametosha. La hasha! Ujira hulipa siku ya kazi. Haununui jina la mtu. Hata kwetu, jiwe la msingi huandikwa jina la mgeni rasmi, wala halimtaji fundi aliyepanga tofali. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, juma hili, unaposimulia mafanikio yoyote, ya jamaa au ya kazi, jiulize ni nani aliyechonga vidato, ukamtaje kwa jina angali hai asikie.